Luthuli ilipobanwa, nani alipumua?

Mwaka 2019, Mike Sonko akiwa gavana wa Nairobi, Luthuli Avenue, mtaa wa katikati ya jiji, ilibanwa. Magari yakaachiwa njia ya kwenda upande mmoja tu, matatu zikaondolewa, na nafasi iliyopatikana ikageuzwa vijia vipana, miti na viti vya kukalia. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ilishirikiana na kaunti katika kazi hiyo. Aliyeijua Luthuli ya zamani, ile ya moshi, honi na makanga wakigombania abiria mbele ya maduka ya redio na televisheni, hahitaji kuelezwa kilichotafutwa.

Hoja ya waliobana ni nzito. Takriban asilimia 40 ya safari za Nairobi ni za miguu, ilhali mtembea kwa miguu amezoea kupewa masazo ya barabara: ukingo wa mtaro, au mwanya kati ya matatu mbili. Halafu kuna kasi. Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30 kwa saa pale watu na magari wanapochanganyika. Kenya inaruhusu 50 mijini. Bango peke yake halimtishi dereva. Njia nyembamba humpunguza mwendo bila askari wala tuta, na tuta, tusisahau, humtikisa hata mgonjwa aliyemo ndani ya ambulensi.

Lakini matatu iliyofukuzwa haiyeyuki. Huzunguka ikatafute steji mtaa wa pili, na Tom Mboya na River Road, zinazopakana na Luthuli, hazijawahi kuwa na nafasi ya kugawa. Mwenye duka naye hudhaniwa analilia maegesho yake tu. Sivyo: friji haibebwi mkononi, na mkokoteni unahitaji mahali pa kusimama.

Wanaosema kubana njia huzaa foleni hawanishawishi sana. Katikati ya Nairobi foleni hujifunga makutanoni, na pale matatu inaposimama popote kushusha abiria. Barabara ya njia mbili ambayo moja imegeuzwa steji ilikuwa tayari na njia moja.

Kwa hiyo kubana kwenyewe sina ugomvi nako. Kaunti ikitaka kubana mtaa mwingine, ningependa kwanza kuona ramani ya steji mpya, saa za kupakua mizigo, na jina la ofisi itakayomwondoa bodaboda juu ya kijia. Maua yanaweza kusubiri.