Acheni kwanza kuuliza ujumbe

Jamani naomba tuongee hili la warsha za uandishi vyuoni, maana juzi kati nimekaa kwenye moja hapahapa Mwanza na mpaka sasa hasira haijaisha. Nilikaribishwa nikae nyuma nisikilize wanafunzi wakisoma hadithi fupi zao. Binti mmoja akasoma hadithi ya mama anayeanika dagaa ufukweni. Kurasa nne. Mama kachukua mzigo alfajiri kwa hela ya kukopa, kawamwaga dagaa mchangani, halafu wingu linaanza kujikusanya upande wa ziwani. Basi, hadithi ni hiyo. Anatazama wingu, anatazama dagaa, anapiga hesabu kichwani, jirani yake keshaanza kuzoa wa kwake na yeye bado hajaamua. Wewe uliyekulia huku kwetu ziwani, Igombe au Kayenze, hauhitaji kuelezwa hapo kuna nini, dagaa wakishapigwa mvua wakaharibika wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na deni liko palepale.

Mimi mwili ulinisisimka. Kamaliza kusoma, mkono wa kwanza ukanyooshwa: "Ujumbe wa hadithi hii ni nini?" Wa pili akasema mama hajachukua hatua yoyote kwahiyo hadithi haifundishi. Wa tatu akashauri mwishoni mama ajiunge na kikundi, apate mkopo, atengeneze vichanja vya kuanikia, afanikiwe, jamii ijifunze. Na mwalimu akamwambia yule binti, "Zingatia maoni ya wenzako."

Mama aliyesimama mbele ya wingu na deni kichwani mnataka mumgeuze tangazo la mikopo?

Najua inakotoka. Toka sekondari tumelishwa fani na maudhui, dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa, kila kitabu kinapasuliwa hivyohivyo mpaka mtihani wa mwisho. Haya, nakubali, kwenye mtihani inasaidia, mwanafunzi lazima awe na pa kuanzia. Ila hayo ni maswali ya kazi iliyokwisha, iliyochapwa, mwandishi wake keshaondoka. Huyu binti kaleta rasimu. Rasimu inauliza kitu kingine kabisa, inauliza mimi msomaji nimeshikwa wapi, nimechoka wapi, wapi sikuona.

Na ya kumwambia yalikuwepo mengi sana! Aya mbili nzima za mwanzo anatueleza Ziwa Victoria lilivyo kubwa, anamweleza nani, wakati sote tumelala na kuamka nalo? Zitoke, wingu lije sentensi ya kwanza. Deni halitajwi ni shilingi ngapi wala linatakiwa lini, kwahiyo hofu ya mama tunaisikia ila hatuwezi kuipima, angeweka kiasi na siku ya kulipa kila tone la mvua lingetuuma. Kurasa zote tuko machoni kwa mama halafu ghafla aya moja tunaingia kichwani mwa mdai, tunatolewa ufukweni bila sababu. Yule jirani anayezoa kimyakimya ndo moyo wa hadithi na kapewa mistari miwili tu, wakati huyo ndo anayembana mama kuliko hata wingu lenyewe maana anamuonyesha kwamba mwenzake keshaamua. Na mwisho kabisa kaweka sentensi ya kusema maisha ya wanyonge ni magumu. Hiyo ndo ya kukata kabla ya zote, na ajabu ndo sentensi pekee waliyoisifia.

Mambo haya yangechukua dakika ishirini. Binti angerudi bweni akiwa na kazi ya kufanya usiku uleule.

Huu mtindo wa warsha tumeupokea, Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani walianzisha programu yao mwaka 1936 na vyuo vingi duniani vikafuata. Kawaida yake nakala zinagawiwa mapema, watu wanasoma kwa utulivu wao, siku ya siku wenzake wanaijadili na mwandishi kanyamaza, asikie karatasi yake peke yake imesema nini. Sisi tumechukua kukaa duara, kusoma kabla hatujachukua. Mtu anasikia hadithi kwa mara ya kwanza palepale, feni inapiga kelele, lazima akimbilie ujumbe maana hana kingine alichokishika. Najua fotokopi ni hela. Basi watumiane kwenye simu, wote wana magrupu.

Halafu kuna lile la kumwambia mwanafunzi mvuvi wake wa Mwaloni, pale soko la samaki, aongee Kiswahili cha taarifa ya habari kwenye mazungumzo ya hadithi, hilo liachwe kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunafanya haya tukiwa tumekaa huku. Ng'ambo tu hapo Ukerewe wametoka waandishi wakubwa wa riwaya, katoka Aniceti Kitereza, katoka Kezilahabi, katoka Ruhumbika, kisiwa kimoja! Mzee Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ikachapishwa 1980, miaka thelathini na mitano, na mwaka uliofuata akafariki. Alitaka mila na lugha ya watu wake visipotee, kwahiyo lengo alikuwa nalo, sibishi, ila alilitimiza kwa kutuonyesha watu wanalimaje, wanaugua na kutibiwaje, wanakaribishana vipi, taratibu, bila haraka ya kutuhubiria. Kijana wa leo akiandika hivyo kuhusu dagaa tunamwambia haifundishi.

Walimu wetu, nawaheshimu na najua madarasa yamejaa, lakini ombi langu ni dogo. Kwenye karatasi ya kusahihishia ondoeni alama za ujumbe, hizo alama zipelekeni kwenye rasimu ya pili. Mwanafunzi alete ya kwanza na ya pili zikiwa zimebanwa pamoja, aonyeshe kakata nini, kaongeza nini na kwanini. Na kwenye mjadala anayetaka kuongea aanze kwa kusoma kwa sauti sentensi moja iliyomshika, kutoka kwenye karatasi, ndo aendelee. Ambaye hana sentensi asubiri wenzake waongee kwanza.