Vidonge vya uzazi na kansa ya titi: tupewe hesabu yote

Wifi yangu wa Majengo alivitupa vidonge vyake vya kupanga uzazi chooni, pakiti nzima. Shoga yake alimwambia arusini kwamba vinaleta kansa ya titi. Alikwenda kliniki kuuliza, mtoto mgongoni, na muuguzi akamjibu, "Mama, usisikize maneno ya watu," kisha akaita anayefuata. Sasa wifi ana mimba ya miezi saba ambayo hakuipanga, na yule wa mgongoni hata kutembea bado.

Lawama yangu haiko kwa yule shoga, iko kwa muuguzi. Maneno ya arusini hayakuwa uongo mtupu, na mwanamke akishajua kuwa kliniki imemficha kitu, harudi.

Watafiti wa Denmark waliwafuatilia wanawake milioni 1.8 kwa karibu miaka 11. Matokeo yalitoka 2017: wanaotumia homoni za kupanga uzazi walipata kansa ya titi kwa asilimia 20 hivi zaidi ya wasiowahi kuzitumia. Asilimia 20! Ukiisikia hivyo utatupa vidonge nawe. Lakini ihesabu kwa vichwa: ni mgonjwa mmoja wa ziada kwa wanawake 7,690 wanaotumia mwaka mzima. Kwa walio chini ya miaka 35, kama wifi, ni mmoja kwa 50,000, maana umri huo kansa ya titi yenyewe ni nadra.

Uingereza nako, tangu 1968 madaktari waliandikisha wanawake 46,000, wengine wakafuatiliwa hadi miaka 44. Hatari ya titi, na ya shingo ya kizazi, ilififia ndani ya miaka kama 5 baada ya kuacha vidonge. Na waliowahi kuvimeza walipungukiwa na kansa ya ovari, ya mji wa mimba na ya utumbo mpana, nafuu iliyodumu miaka mingi. Hilo arusini halisemwi, wala kliniki hatuambiwi.

Muuguzi angemuuliza tu: una miaka mingapi, presha je, mama au dada yako aliwahi kuugua titi? Dakika tano, basi.

Juzi nilimwandikia wifi hesabu hizi nyuma ya kadi ya kliniki. Alizisoma polepole, kidole juu ya ile 50,000, akaitia kadi mkobani. Anasema akishajifungua ataiweka mezani mbele ya muuguzi, na hataondoka kitini mpaka amjibu.