Rafu ya utawala wa umma: tuhesabu vitabu au tufuate waraka?

Chuo kinachofundisha utawala wa umma Malindi, kiwe na rafu nne au arubaini, huulizwa swali moja siku ya ukaguzi: vitabu vinatosha? Jibu linategemea anayehesabu. Wako wakutubi wanaopima kilichomo rafuni: vitabu vingapi, nakala ngapi, vya mwaka gani, vinaoana vipi na orodha ya kozi. Wengine hupima kinachotumika: kilichoazimwa, kilichoachwa mezani, kilichopakuliwa. Mabishano kati yao ni ya zamani na kila upande una haki yake. Kwa somo hili hasa, hata hivyo, pande zote mbili zinaweza kutoa alama nzuri huku mwanafunzi akiondoka mikono mitupu.

Tuanze na wanaohesabu rafu. Kazi yao ni nyepesi kurudiwa mwaka baada ya mwaka, na inajibu maswali ya mkaguzi moja kwa moja. Kipimo kinachotajwa sana ni kile cha daraja 0 hadi 5 kilichobuniwa na maktaba za utafiti za Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980: 0 ni somo lisilokusanywa, 1 ni kiasi kidogo mno, 2 taarifa za msingi, 3 kiwango cha kufundishia, 4 cha utafiti, 5 ni kukusanya kila kitu. Faida yake ni kukilazimisha chuo kuchagua. Chuo cha diploma kikilenga 3 katika serikali za kaunti, fedha za umma na ununuzi wa umma, na 2 katika mashirika ya kimataifa, kimefanya uamuzi wa busara. Kinachoandika 4 kila mahali kinajipamba tu.

Tatizo huanza pale mtu anapohesabu kwa kufuata namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa mada. Toleo la 21 la mwaka 1996 lilipangua sehemu ya 351 hadi 354 yote. Kabla ya hapo, serikali za mitaa zilikaa 352 na utawala wa nchi moja moja ukakaa 354. Sasa utawala wa mitaa uko 352.14, na 354 ni usimamizi wa uchumi na mazingira. Maktaba zetu nyingi zina vitabu vya msaada vilivyokuja na namba za zamani zimekwisha kubandikwa mgongoni, kwa hiyo rafu moja inabeba mifumo miwili. Isitoshe, nusu ya somo haimo humo kabisa: fedha za umma ziko 336, sheria ya katiba na ya utawala 342, siasa za serikali za mitaa 320.8, uongozi wa ofisi 651. Anayehesabu 351–354 peke yake atapeleka kwa mkuu wa chuo picha ya kitu kingine. Ni heri kuchukua mtaala wa kila kozi, kutoa orodha ya vitabu vilivyotajwa, kisha kutafuta kwa jina na kwa mada katika katalogi. Makusanyo yakiwa chini ya vitabu elfu moja na mia mbili, hakuna haja ya sampuli. Watu wawili wapite rafu nzima.

Shida kubwa zaidi ni umri wa vitabu. Hapa Kenya umri wa kitabu cha utawala hauendi kwa miaka tu, unakatwa na sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, iliyounda Baraza la Manispaa ya Malindi, ilifutwa serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2005 ilipisha ile ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, na kanuni zake zikafuata 2020. Kitabu cha ununuzi cha 2012 chenye nakala kumi kinaongeza kumi kwenye jedwali, na kinawafundisha vijana kumi taratibu ambazo hazipo.

Je, vitupwe? Wenye kusafisha rafu husema ndiyo, na kwa ununuzi wa umma wana haki. Wenye kuhifadhi husema mgogoro wa leo wa ardhi, ushuru au mali ya manispaa mara nyingi una mizizi katika maamuzi ya baraza la zamani, na mwanafunzi asiyejua Sura ya 265 hataelewa Manispaa ya Malindi ya sasa, iliyo chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, ilirithi nini. Kwa maoni yangu zibaki nakala mbili za kila kitabu cha serikali za mitaa na moja ya ununuzi, zihamie rafu ya historia, zibandikwe mgongoni lebo ya "sheria iliyofutwa". Nyingine zitoke, na zisihesabiwe tena kwenye ripoti.

Upande wa matumizi una silaha kali. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh uliochapishwa 1979 ulikuta takriban asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa 1969 havikuwa vimeazimwa hata mara moja kufikia mwisho wa 1975. Ukisoma hayo huwezi tena kuheshimu wingi mtupu. Lakini kuazima si kusoma. Kitabu cha kozi kilichofungiwa kaunta hakitoki nje, kinasomwa mezani au kinapelekwa kutolewa fotokopi. Kwenye programu ya maktaba kama Koha kitaonekana kimelala. Dawa yake ni kuhesabu matumizi ya ndani: bandika tangazo kwamba vitabu visirudishwe rafuni, vikusanywe mara tatu kwa siku, kila kimoja kisomwe kwa skana kabla ya kurudishwa. Fanya wiki moja katikati ya muhula na nyingine karibu na mitihani. Mara nyingi kazi hii huharibika kwa sababu ya kawaida sana: mhudumu wa jioni hakuambiwa, akapanga vitabu vyote kwa nia njema.

Kuhesabu marejeo katika tasnifu za wahitimu kunasaidia pia, ila kuna mzunguko ndani yake. Mwanafunzi hunukuu alichokipata. Maktaba ikikosa ripoti za ukaguzi, tasnifu hazitazinukuu, na hesabu itasema hazihitajiki.

Hapo ndipo pande zote mbili zinaposhindwa. Malighafi ya utawala wa umma ni karatasi za serikali yenyewe, na hizo hazimo kwenye orodha za wachapishaji wala haziazimwi. Kwa hiyo ningeongeza jaribio la tatu: mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili nusu siku afuatilie mradi mmoja, tuseme barabara ya wadi ya Shella hapa Malindi, kwa kutumia maktaba pekee. Aanze na mpango wa miaka mitano wa Kaunti ya Kilifi wa 2023–2027. Apate mpango wa maendeleo wa mwaka, unaotakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Sheria ya matumizi, kabla ya mwaka wa fedha kuisha 30 Juni. Ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu, ambayo Katiba inaipa miezi sita baada ya mwaka huo. Na mjadala wake katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge. Karatasi nane. Kila moja ipewe alama tatu: ipo, imo kwenye katalogi, mwanafunzi ameifikia bila kusaidiwa. Jumla 24. Ikipungua 12, usinunue kitabu kingine kwanza.

Pingamizi lipo, tena zito. Karatasi hizi ni bure mtandaoni, kwa nini maktaba ijitwishe? Kwa sababu tovuti za serikali hubadilishwa na viungo hufa, hasa baada ya uchaguzi. Maktaba ipakue faili, ilisajili, ichapishe nakala moja na kuijalidi kwa uzi, si kwa pini. Hewa ya chumvi ya Malindi huzila pini kwa kutu, na mvua za masika huleta ukungu. Ni gharama ya wino na asubuhi mbili za mtumishi kila mwezi, na maktaba yenye mtumishi mmoja itaihisi. Pingamizi lingine ni la walimu: jaribio hili halipimi nadharia. Kweli. Mwanafunzi anayejua kalenda ya bajeti bila kuwasoma wananadharia wa utawala kama Max Weber au Herbert Simon ataeleza kilichotokea na kukwama kwenye kwa nini. Rafu ya nadharia ipimwe kwa orodha, kama zamani. Vitabu vyake havizeeki kwa sheria mpya.

Matokeo yaandikwe mistari mitatu tofauti, orodha, matumizi na waraka. Ukivichanganya kuwa asilimia moja, wingi wa vitabu utaficha pengo la karatasi, na mhasibu ataona kila kitu kiko sawa.

Wakati mzuri wa jaribio ni mwisho wa Machi. Mpango wa Septemba umekwisha kupata karibu miezi saba ya kufika rafuni, na waraka wa Februari unapaswa kuwa umeingia. Usipouona, uliza kwanza ofisi ya karani wa bunge la kaunti. Ukiwa umewasilishwa huko na maktaba haina, kosa ni la maktaba.