Puli Imegoma, Washauri Hawagomi

Jamani, mtu akikwambia anabadilisha mkanda wa taiming wa injini, usimuulize kaununua bei gani. Muulize: puli imetoka? Mkanda wenyewe hauna neno. Wangu umepanda basi Dar, umefika Kigoma salama, hata boksi halijabonyea. Kazi iko kwa hivi vyuma vilivyoukalia mbele.

Noah yangu ni ile ya zamani, injini ya 3S chini ya viti vya mbele. Asubuhi inabeba dagaa kutoka Kibirizi, mchana inabeba watu wa Ujiji. Abiria wanalalamikia harufu ya dagaa. Dagaa bado hawajalalamikia abiria. Kilomita laki moja za mkanda zimeshapita, fundi kaniambia tuutoe sisi kabla haujajitoa wenyewe porini. Haya, tutoe.

Sasa, huwezi kuufikia mkanda mpaka uchomoe puli ya krenki, lile gurudumu la mbele ya shafti kuu ya injini, linalozungusha fani belti. Bolti yake ukiizungusha, injini nayo inazunguka, mnabaki mnafuatana. Fundi akaikaba injini isizunguke, akachomeka bomba refu kwenye spana, akaning'inia nalo. Bolti ikalia "kaa!" ikalegea. Tukapeana mikono, bila kujua tunapongezana kwa lipi, maana puli yenyewe haikusogea hata unywele. Kutu imeifungisha ndoa na shafti.

Na viti vyangu viwili vilishatolewa, vimewekwa chini ya mwembe. Pale Mwanga kiti kizuri kikikaa wazi hakikosi mtu, na mtu akishakaa hakosi ushauri. Wa kwanza: "Mwagieni mawese ya moto." Wa pili: "Soda, bwana, soda inakula kutu." Soda ikaletwa kwa hela yangu, nusu ikaingia kwenye puli, nusu sikuiona ilikoelekea. Wa tatu akataka moto wa gesi. Fundi akang'aka: nyuma ya hiyo puli kuna oili sili, ni mpira, ukiichoma itavuja mpaka ukome.

Basi wote wakakubaliana kwenye nyundo. Mji huu bwana! Redio ikikoroma, nyundo. Mlango ukivimba masika, nyundo. Nadhani hata mtu akichelewa kuoa kuna mzee kaificha nyundo yake.

Fundi akainama, akawaonyesha kwa kucha: "Wazee, puli hii si chuma kitupu. Hapa katikati kuna duara la mpira, linameza mtikisiko wa krenki. Mkiigonga ukingoni, mpira unaachia, puli inaanza kuyumba. Na haya matundu mawili mnayaona? Yana nyuzi. Ni ya kufunga pula, chombo cha kuvutia puli. Hii haigongwi, inavutwa."

"Sasa si mvute!" wakasema, utadhani pula inaota kwenye mwembe.

Pula tuliyosikia habari zake ni moja. Mwenyewe kaenda Uvinza. Kaifungia stoo. Ufunguo kamwachia mkewe. Mkewe yuko kwenye shughuli Gungu, na simu iko kwenye mkoba, na mkoba kaushika shoga yake anayecheza ngoma. Nikapanda bodaboda. Nimefika, nimelazimishwa pilau, nimetoa na cha kutunza maharusi ambao siwajui, ndipo nikapewa ufunguo. Mpaka leo kwenye hesabu ya matengenezo ya gari nimeandika "mchango wa harusi".

Pula ikafungwa, bolti mbili kwenye matundu, ya kati ikasukuma shafti. Spana ikazunguka kidogo, puli ikachomoka. Wala haikubisha. Washauri wakaangaliana, mmoja akasema, "Ile soda ilifanya kazi."

Nikajua tumemaliza. Thubutu! Wota pampu inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo ukishafika pale unaibadilisha kabisa, usije ukafumua injini tena kwa ajili ya maji kuvuja. Bolti zake zimetoka zote, pampu imeng'ang'ania bloku. Fundi akachungulia na tochi ya simu, akaona silikoni, ile gundi ya kuzuia kuvuja, imejaa pembeni nzima, imekauka, imeshika. Akakasirika kwelikweli.

"Nani huyu alifunga hii pampu? Mafundi wengine wanaharibu kazi za watu!"

"Ni wewe, kaka. Ile mara ya kwanza."

Akanyamaza. Akaikwangua kidogo na bisibisi, akaichungulia tena.

"Unaona sasa," akasema. "Haijavuja hata tone."