Njia za Matope za Aberdare: Zipi Zitengenezwe, Zipi Zifungwe

Mvua za masika zikishapita, wenye magari ya 4x4 huanza kuulizana kuhusu Aberdare, safu ya milima yenye hifadhi ya taifa katikati ya Kenya: njia ipi inapitika? Barabara inayoingilia lango la Mutubio upande wa Nyandarua, ikapanda hadi nyanda za juu na kuteremkia Kiandongoro upande wa Nyeri, ni ya udongo. Njia zinazochepuka kutoka hapo kwenda kwenye maporomoko na vilele ni mbovu zaidi. Baadhi hufungwa mvua ikizidi, na nyingine ziliachwa miaka mingi iliyopita, mianzi ikazifunika. Wapenzi wa safari za porini wanataka zikarabatiwe na zile za zamani zifunguliwe. Wahifadhi wengi wanaona heri zibaki zilivyo, msitu upumue.

Pande zote mbili zina hoja nzito. Hata hivyo naona zinashiriki kosa moja: zinaichukulia njia iliyoachwa kana kwamba imefungwa. Njia ya gari iliyochongwa mlimani haifi kwa kusahauliwa. Maji huendelea kuitumia, na mkata miti wa usiku pia. Ndiyo maana kuuliza tu kama tunapenda magari msituni au hatuyapendi hakutufikishi popote. Njia zipo tayari, na kila moja inahitaji uamuzi wake.

Zilifikaje huko? Hifadhi ya Taifa ya Aberdare ilitangazwa mwaka 1950. Mnamo Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari, na maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau wakaingia katika msitu huu na ule wa Mlima Kenya, wakiwa na viongozi kama Dedan Kimathi na Stanley Mathenge. Jeshi la Uingereza lilijikuta likipigana na watu waliojua kila kijito katika msitu ambao lori halikuweza kuuingia. Likaleta wahandisi wake, wakachonga njia kutoka ukingo wa mashamba kuelekea juu ili askari na shehena zao wafike ndani, huku ndege aina ya Lincoln zikimwaga mabomu juu ya miti. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Vita vikaisha. Makovu ya njia zile yakabaki mlimani, na hifadhi na idara ya misitu zikaongeza zao kwa kazi zao.

Kwa hiyo anayesema tufungue njia ya zamani Aberdare anagusa historia, atake asitake. Hapo ndipo naiona hoja yenye uzito kuliko zote za upande wa kufungua. Mapango waliyojifichia wapiganaji yamo ndani ya msitu huu. Umo pia mti wa mugumo waliopitishia barua zao, ambao watu waliupa jina la posta ya Kimathi. Waliokuwa vijana msituni mwaka 1953, wale ambao bado wako hai, leo wako katika miaka ya themanini na tisini. Nyanda za juu za Aberdare ziko mita 3,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Ol Donyo Lesatima kinafika mita 4,000 hivi. Mzee wa miaka tisini hapandi huko kwa miguu. Asipofikishwa kwa gari, hatafika tena, na akifariki anaondoka na habari za mahali ambapo hakuna ramani iliyowahi kupaonyesha. Sioni jibu la haki tunaloweza kuipa familia yake iwapo tuna njia, tuna askari wa wanyamapori wa kumsindikiza, na bado tunamwambia abaki nyumbani.

Lakini hoja hiyo inadai safari chache, zenye ratiba na usimamizi. Haidai msafara wa magari ishirini kila Jumamosi. Wapiganaji wale walinusurika kwa kuzikwepa njia za magari na kufuata mapito ya wanyama, na sitaki kuona pango lao likigeuzwa kituo cha kupiga picha za boneti na matairi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo wahifadhi wanapokuwa na nguvu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Aberdare, kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Mito inayolisha Tana, Athi na Ewaso Ng'iro huanzia huko, na mto Malewa hupeleka maji Ziwa Naivasha. Mteremko wa mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka katika baadhi ya sehemu. Udongo wake ni wa volkano, mwekundu na wenye kina, na ukilowa hulainika kama sabuni. Gari zito likipita hapo linaacha michirizi miwili. Mvua inayofuata inaingia katika michirizi hiyo kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kushuka. Maji yanapata kasi, yanachimba, na tope linamwagika kwenye kijito cha kwanza. Dereva anayefuata anaona shimo, analizungukia na kukanyaga nyasi za pembeni, na msimu mmoja baadaye njia ya mita tatu imekuwa na upana wa mita kumi. Huko juu, kwenye nyasi za mafundo na mimea mikubwa ya lobelia, baridi hufanya kila kitu kikue polepole mno. Alama ya tairi inaweza kuonekana kwa miaka.

Haya yote ni kweli, na hakuna mpenzi wa magari anayepaswa kuyapuuza. Ila tazama kinachosababisha uharibifu huo. Tairi linaanza, halafu maji yasiyo na pa kutokea yanamalizia. Maji hayo hayaachi kupita kwa sababu lango limefungwa. Njia yenye mteremko mkali, iliyoachwa bila mitaro, itageuka korongo hata kama hakuna gari litakaloikanyaga tena. Fundi wa barabara za udongo anajua dawa yake: mgongo wa njia uinuliwe katikati, matuta ya kuchepusha maji yawekwe karibukaribu penye mwinuko mkali, makalvati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya njia, yazibuliwe kabla ya mvua, na changarawe imwagwe mahali laini. Anajua pia kwamba greda likitumiwa vibaya ni adui. Kila linapokwangua bila kurudisha udongo, njia inashuka chini ya kingo zake, hadi inakuwa mfereji ambao maji hayawezi kuuacha. Sehemu nyingine zinafaa kazi ya jembe na sururu, na hiyo ni ajira ambayo vyama vya jamii vinavyotambuliwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 vinaweza kuifanya katika misitu inayozunguka hifadhi.

Wenye magari wanapenda kutaja mashindano ya magari ya Rhino Charge, na wana haki ya kuitaja. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa umeme wa Aberdare, wakati faru walikuwa wakimalizwa na majangili. Washindani wana saa 10 za kufikia vituo 13 katika ardhi ngumu, na mshindi ni yule aliyetumia umbali mfupi zaidi. Mwezi Agosti 2009 uzio wa karibu kilomita 400 ulikamilika. Ni vigumu kumwambia mtu aliyechangia kazi hiyo kwamba yeye ni adui wa msitu.

Hata hivyo mfano huo una upande wa pili. Rhino Charge haifanyiki ndani ya Aberdare. Huhamahama, kwa idhini ya wenye ardhi, na huko ndiko magari huruka mawe na kukata vichaka. Fedha za magari zimeulinda msitu huku magari yenyewe yakishindana kwingine. Anayeutumia mfano huu kudai njia zaidi ndani ya hifadhi anauvuta kuelekea mahali ambapo hauendi.

Kuna suala la bongo wa milimani, mnyama mkubwa wa jamii ya swala, ambaye Aberdare ni kimbilio lake kuu la mwisho. Idadi yao porini inakadiriwa kuwa chini ya 100 nchini Kenya, na Kenya ndiyo nchi pekee walikobaki. Ni mnyama wa aibu, anayejificha kwenye mianzi na vichaka vizito. Njia inayokatiza makazi yake humletea kelele, na baada ya kelele huja mtu mwenye mitego. Hapa sina mizani ya kupima. Njia ya zamani inayopita penye bongo isifunguliwe kwa gari la yeyote, hata liwe na nia njema kiasi gani.

Kuhusu moto, hoja zimegongana. Mwezi Februari 2022 moto mkubwa ulizuka hifadhini, na kila moto wa namna hiyo huwaonyesha watu jinsi ilivyo kazi kuwafikisha wazimaji na maji mahali pa juu. Njia inayopitika inaokoa saa, na moto wa nyasi kavu hauna subira. Lakini njia ileile humwingiza mchoma makaa na mrina asali wa mwenge, na mioto mingi ya misitu yetu huanzishwa na mkono wa binadamu. Kwa maoni yangu hili linatatuliwa na lango na doria. Njia chache zinazolindwa zinamsaidia mzimaji kuliko anavyosaidiwa mvunja sheria, na njia nyingi zisizo na mlinzi zinaleta kinyume chake.

Wanachokihofia wahifadhi zaidi, ingawa hawakisemi kila mara, ni lami. Wamekwisha kuiona ikija. Mradi wa kuweka lami kutoka Ihithe, kijiji alikozaliwa Wangari Maathai, hadi Ndunyu Njeru upande wa Nyandarua, kupitia hifadhini, umebishaniwa kwa miaka. Mwaka 2024, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilipotoa leseni, wapinzani walikwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mkulima wa viazi na kabichi wa Nyandarua anayelazimika kuuzunguka mlima ili afike Nyeri ana malalamiko ya kweli, na nisingependa yapuuzwe. Anastahili barabara nzuri inayozunguka msitu. Lami inayopita katikati ni kitu kingine kabisa: matatu na malori, mwendo kasi, vibanda kando ya njia, na shinikizo la kufungua malango usiku.

Kwa sababu ya hofu hiyo, wapo wanaopinga hata lori moja la changarawe. Wanasema ukianza kutengeneza, hutajua pa kukomea. Naielewa hofu yao lakini naona inawarudi wenyewe. Kila gari la wageni linalokwama hadi giza karibu na Mutubio ni ushahidi mezani kwa wanaotaka lami, wanaosema: mnaona, barabara hii haifai. Njia ya udongo iliyotunzwa, inayofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, ndiyo inayoweza kuwajibu.

Wengine wamepitia haya. Huko California, njia maarufu ya magari ya 4x4 iitwayo Rubicon ilijikuta mwaka 2009 ikiandamwa na mamlaka ya ubora wa maji, iliyoiamuru kaunti ya El Dorado na idara ya misitu kusafisha uchafu na kuzuia udongo kumwagika mitoni. Njia haikuzikwa. Kaunti, idara na wapenzi wa magari waliojitolea walirekebisha mifereji, wakashughulikia mafuta yanayovuja na kinyesi cha wapiga kambi. Mazingira ya kule ni ya mawe na yetu ni ya tope, hivyo ufundi hauwezi kunakiliwa. Ninachokipenda ni mpangilio wa deni: anayetaka kuitumia njia ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba maji yako salama.

Nikiombwa ushauri, ningelitaka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na lile la Misitu, KFS, yakae na watu wa vijiji vya ukingoni na kuipitia kila njia kwa jina lake. Barabara kuu ya kuvuka na matawi machache yaendayo kwenye maporomoko yatunzwe ipasavyo, na yafungwe masika kwa kila mtu, pamoja na mgeni wa waziri. Njia za kumbukumbu za Mau Mau zifunguliwe siku maalumu, gari likisindikizwa na askari, wazee wakitangulizwa na kuandikwa wanayoyasema. Zilizobaki zifungwe kwa vitendo: udongo uliogandamizwa ulegezwe, magogo yalazwe kukata maji, miche ya asili ipandwe, na mlango wa njia uzibwe hata pikipiki isipenye. Kazi hiyo ya kufunga nayo ina gharama, na ndiyo inayosahauliwa kwenye bajeti kila mara. Vilabu vya magari vinavyosema vinaupenda mlima vingeweza kuanza kuchangia hapo, kwenye njia ambazo havitaruhusiwa kuzipita tena.

Na kazi ianzie juu kabisa, pale maji yanapoingia njiani kwa mara ya kwanza, wiki kadhaa kabla ya mvua za Machi. Kalvati lililozibuliwa bondeni litajaa tope tena mwezi Aprili kama mteremko ulio juu yake haujaguswa.