Siri ya Mfanyakazi na Haki ya Anayelipa

Visiwani kwetu kuna neno ambalo mshauri wa mambo ya kazi hawezi kulikwepa: muhali. Unamjua mkosa, lakini humsemi kwa sababu ni jirani, ni mtu wa kwenu, au mama yake amekulea. Mara nyingi neno hili hutajwa kwenye kesi za udhalilishaji, mashahidi wanapokosekana mahakamani. Lakini limo pia maofisini, mahotelini na kwenye maghala ya karafuu. Ndiyo maana saikolojia ya kazini, fani inayochunguza kinachowapa watu ari ya kazi na kinachowavunja moyo, ina mtihani wake hapa Zanzibar.

Miaka michache nyuma niliitwa na hoteli moja ya pwani ya kaskazini Unguja. Wafanyakazi walikuwa wakiacha kazi msimu baada ya msimu, na meneja alitaka kujua sababu. Nikakaa nao mmoja mmoja, nikawaahidi kwamba jina la mtu halitaandikwa. Na kweli sikuliandika. Niliandika tu kwamba mfanyakazi wa kike wa jikoni, mwenyeji wa Pemba, analalamikia mgao wa bakshishi. Jikoni walikuwa watu tisa, wanawake wawili, na Mpemba ni mmoja. Haikupita wiki mbili akahamishiwa zamu ya alfajiri, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Jina lake sikulitaja, lakini yeye nilimtaja. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Wengi katika fani hii hawatoi majibu ya kikundi chenye watu chini ya watano, wengine chini ya kumi, ili mtu asitambulikane. Ni tahadhari nzuri kwenye shirika lenye maelfu ya wafanyakazi wasiojuana. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na Pemba peke yake 543,441. Ukitaja kazi ya mtu na kwao, msomaji wa ripoti keshajua. Hata lafudhi inasema: maneno ya mtu wa Makunduchi au wa Micheweni ukiyanukuu kama alivyoyatamka, umemtoa hadharani. Kwa hivyo namba peke yake haimsitiri mtu. Mshauri lazima asome ripoti yake kwa jicho la mtu wa pale pale, tena aliyeudhika na anayemtafuta msemaji.

Hata hivyo mwajiri naye ana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Amelipa ili apate kurekebisha. Ukimpelekea karatasi inayosema "kuna manung'uniko katika baadhi ya vitengo", atarekebisha nini? Zaidi ya hapo, siri inaweza kugeuka kichaka. Msimamizi anayewashika wasichana wa usafi bila ridhaa yao hunufaika pale kila mtu anapokaa kimya kwa jina la sitara, na mshauri akikaa kimya naye, ameongeza muhali mwingine juu ya ule uliokuwepo. Hapa mimi siyumbi: mahali mtu anapoumizwa, siri lazima iwe na mpaka. Ila mpaka huo aujue msemaji kabla hajafungua mdomo, si baadaye.

Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, kifungu cha 3.11, zinataka hivyo hivyo. Mwanasaikolojia anayefanya kazi kupitia taasisi aeleze mapema mteja ni nani, taarifa zitatumiwaje, nani atazipata, na siri inaishia wapi. Ni maneno machache, lakini kule hotelini hata moja sikulisema.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: kuwasikiliza watu kisha isitokee kitu. Kwenye kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa kati ya 1928 na 1930. Kuanzia 1936 kampuni ikaweka washauri maalumu wa kusikiliza wafanyakazi. Wakosoaji walisema mpango ule ulipoza hasira tu, huku sababu za hasira zikibaki pale pale. Mfanyakazi wa kwetu hulijua jambo hili bila kusomeshwa. "Walikuja wenzako mwaka juzi wakaandika," ataniambia, na kalamu itakuwa nzito mkononi.

Basi mshauri awe nani? Mgeni hana shemeji pale, hivyo hana wa kumwonea muhali. Lakini hasikii. Mtu akimjibu "hatujambo, tunashukuru", ataandika kwamba mambo ni mazuri. Wengine wanatoka Bara na mikataba inayotaja sheria ya ajira ya 2004, wakati kazi si jambo la Muungano na Zanzibar ina Sheria ya Ajira Nambari 11 ya 2005. Mwenyeji anasikia hata kimya kina maana gani, lakini naye hutarajiwa awe mganga: aje, apige ramli, amtaje mbaya, aondoke. Edgar Schein, aliyeandika sana juu ya kazi ya ushauri, alitofautisha mshauri wa aina hiyo, anayefanana na daktari, na yule anayewasaidia wenyewe kuliona tatizo lao. Kwangu mimi mwenyeji ni bora, kwa sharti ajue kukataa kazi. Anayeshindwa kukataa, heri aitwe mgeni mwenye mkalimani mzuri.

Siku hizi, kabla ya mahojiano ya kwanza, nawakusanya wafanyakazi wote na meneja akiwepo, nawasomea: nani ananilipa, nini kitaandikwa, nini sitakificha, na lini majibu yatarudi kwao. Meneja mmoja alikataa kikao hicho, nikaiacha kazi yake. Na mwezi uliopita nimekataa nyingine Wete, maana mhasibu wa pale ni shemeji yangu. Mke wangu hajafurahi, kwa sababu fedha zile tulikuwa na haja nazo.