Mkataba wa miaka miwili hautoshi kuujua mto

Kila nikiona tangazo la kazi ya utafiti wa majanga ya asili kwa waliomaliza PhD roho inaniuma. Mkataba ni mwaka mmoja, ukibahatika miwili, alafu majukumu yake ni ya nusu ya maisha ya mtu: tengeneza modeli ya mafuriko, shirikiana na jamii, shauri serikali, chapisha makala kwenye majarida makubwa. Nimeifanya kazi hii na nasema wazi kwamba kwa mikataba ya namna hii tunajidanganya, na wanaolipa gharama ni wale wanaoishi kwenye njia ya maji.

Maana mtu akifika, miezi ya kwanza inaishia kwenye vibali na kutafuta data. Unakuta vipimo vya mto ni vya miaka 30 tu, tena vina mapengo, na mapengo mengi yako palepale unapopataka kwa sababu mafuriko makubwa yakija yanasomba na kipimo chenyewe. Basi inabidi uende kwa watu. Kuna mama mmoja alinipeleka nyuma ya nyumba yake akaweka kiganja ukutani, juu kidogo ya dirisha, akasema maji yaliishia hapa, jirani yake akakataa akasema yalipita hapo bana, wakabishana mpaka akaitwa mtu wa tatu. Ubishi ule ulinipa kitu ambacho picha za satelaiti hazikuwa nacho kwa sababu siku ile mawingu yalifunika kila kitu. Lakini watu hawaanzi kubishana mbele yako siku ya kwanza, kwanza wanakupa majibu ya heshima, yale ya mgeni, na kuvuka hapo kunachukua muda ambao mkataba hauna.

Alafu kuna kazi ya kurudisha majibu. Chukua hii habari ya "mafuriko ya miaka 100", mtu akiisikia anadhani yakishatokea mwaka huu basi amepumzika mpaka wajukuu zake. Kumbe ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na ukikaa hapo miaka 30 uwezekano wa kukutana nayo walau mara moja ni kama asilimia 26. Hilo halieleweki kwa semina moja ya asubuhi, unahitaji kurudi tena na tena, na kwa kawaida mtafiti anakuwa ameshahama nchi kufuata mkataba mwingine.

Armero ndo mfano ambao siuachi. Novemba 13, 1985, volkano ya Nevado del Ruiz kule Kolombia ililipuka usiku, joto likayeyusha barafu ya kileleni, matope yakashuka mabondeni na kuufikia mji wa Armero baada ya kama masaa mawili na nusu. Watu kama 23,000 walikufa. Na ramani ya hatari ilikuwepo! Ilitoka mwezi mmoja kabla, Armero iko ndani ya eneo la hatari, na mji wenyewe ulijengwa juu ya matope ya milipuko ya zamani. Sehemu za juu zilikuwa karibu kiasi cha kufikika kwa miguu. Sayansi ilimaliza kuchora, kilichokosekana ni watu wa kuibeba ile ramani mpaka iwe amri ya kuondoka.

Mwaka uliofuata Marekani ikaanzisha timu ya kudumu ya kusaidia nchi nyingine pale volkano zinapoamka, na hilo neno kudumu mimi nalipigia mstari. Pinatubo ilipoamka Ufilipino mwaka 1991 timu hiyo ilikwenda kufanya kazi na wanasayansi wa PHIVOLCS, taasisi ya volkano na matetemeko ya nchi hiyo, wakaweka viwango vya tahadhari na wakawaonyesha viongozi mkanda wa video wa Maurice Krafft, mtaalamu wa volkano kutoka Ufaransa, ili waone kwa macho yao wingu la moto na matope vinavyofanya. Krafft mwenyewe na mkewe Katia waliuawa na volkano ya Unzen, Japani, Juni 3 mwaka huohuo, siku 12 kabla ya mlipuko mkubwa kabisa wa Pinatubo. Pinatubo ilipolipuka watu makumi ya maelfu walikuwa wameshahamishwa, na makadirio ni kwamba walau 5,000 waliokolewa.

Najua wafadhili watasema mikataba mifupi inaleta damu mpya, na kweli vijana wanakuja na mbinu mpya za kompyuta ambazo sisi wengine hatukufundishwa. Sawa. Ila mataifa yenyewe yalipokubaliana kwenye mji wa Sendai, Japani, mwaka 2015 kupunguza hatari za maafa yalijipa miaka 15, mpaka 2030, sasa mtafiti wa kuifanya hiyo kazi anapewaje miwili?

Ninachotaka ni hiki. Mkataba usipungue miaka mitano, na sehemu ya muda huo mtafiti akae ndani ya idara ya hali ya hewa au kituo cha volkano, dawati lake liwe pale, sio kutembelea. Bajeti ya kurudisha matokeo kwa waliotoa data itengwe tangu mwanzo, kwa lugha yao. Na kwenye kupandisha watu vyeo, mpango wa kuhamisha watu uliojaribiwa mchana na usiku ukapita uhesabiwe sawasawa na makala ya jarida.